Hali na Hulka katika Picha ya Uso ya Mkaa: Uhakiki wa Michoro ya Albrecht Dürer (1514) na Käthe Kollwitz (1933)

IKISIRI

Makala haya yanahakiki namna mchoro wa mkaa unavyoweza kubeba kwa pamoja hali ya nafsi ya mtu, ambayo ni ya kupita, na hulka yake, ambayo ni ya kudumu. Data zimetokana na michoro miwili ya Kijerumani: picha ya Barbara Dürer iliyochorwa na mwanawe Albrecht mwaka 1514, na picha ambayo Käthe Kollwitz alijichora mwaka 1933 akiwa kazini. Uhakiki umeongozwa na hoja ya Georg Christoph Lichtenberg kwamba umbo la mfupa halisemi tabia, ila mwendo wa uso unaorudiwa huacha alama. Makala yanabainisha kwamba katika michoro yote miwili hulka haikuwekwa katika umbo la uso. Imewekwa katika tofauti ya namna mkaa ulivyotumika kutoka sehemu moja ya karatasi hadi nyingine. Aidha, yanaonya dhidi ya mazoea ya kuusoma wasifu wa mchorwa na kudai kwamba kilichosomwa ni mchoro.

1.0 Utangulizi

Mswahili huulizwa hali yake kila asubuhi, na hujibu. Hakuna anayeulizwa hulka yake, kwa sababu hulka si habari ya siku moja. Majirani huijua baada ya miaka, na mara nyingi huijua kuliko mwenyewe. Tofauti hii iliyomo katika matumizi ya kila siku ya lugha ndiyo inayoleta tatizo kuu katika sanaa ya kuchora uso. Mchoraji hukaa na mchorwa kwa saa chache. Anachokiona ni hali: uchovu, utulivu, mashaka, kuchoshwa na kukaa bila kutikisika. Hata hivyo, mtazamaji wa picha iliyokamilika hudai zaidi ya hapo. Hudai kumfahamu mtu.

Wahenga walionya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Picha ya uso haina mlango wa kufunguliwa. Kilichopo ni karatasi na alama nyeusi juu yake, na kila kinachosemwa kuhusu moyo wa mchorwa ni lazima kianzie kwenye alama hizo. Pale uhakiki unapokiuka sharti hili, hujikuta ukieleza mambo ambayo mhakiki aliyajua kabla hajaitazama picha. Ni rahisi kusema kwamba uso fulani umejaa huzuni ya mama aliyefiwa ikiwa tayari inajulikana kwamba mama huyo alifiwa. Swali gumu ni hili: je, mkaa wenyewe umesema nini?

Makala haya yanalishughulikia swali hilo kupitia michoro miwili. Imeteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, yote ni ya mkaa, hivyo nyenzo ni ileile ingawa imetenganishwa na zaidi ya miaka 400. Pili, yote inaonesha wanawake waliokwisha kuvuka umri wa miaka 60, ambao nyuso zao zina mengi ya kuchorwa na machache ya kupambwa. Tatu, yote imezungukwa na habari nyingi za wasifu, na kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupima kama mchoro unaweza kusimama wenyewe.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Kati ya mwaka 1775 na 1778, mchungaji wa Zurich, Johann Kaspar Lavater, alichapisha majuzuu manne ya kazi yake kuhusu elimu ya kusoma nyuso. Dai lake la msingi lilikuwa kwamba umbo la kudumu la kichwa, yaani paji, pua, kidevu na mistari ya mfupa, hufichua tabia ya mwenye nacho. Kazi hiyo ilipata wasomaji wengi Ulaya. Mpinzani wake mkali alikuwa Georg Christoph Lichtenberg, mwanafizikia wa Göttingen, ambaye mwenyewe alikuwa na kibiongo na alijua vema maana ya kuhukumiwa kwa umbo. Katika andiko lake kuhusu usomaji wa nyuso, lililotoka katika kalenda ya mwaka 1778, Lichtenberg alitenganisha mambo mawili. Alama za mwendo, ambazo hisia huzichora usoni kwa muda, zinaweza kusomwa, na watu wote huzisoma kila siku. Alama za umbo haziwezi kusomwa kwa namna hiyo, kwani mfupa hukua kwa sababu zisizohusiana na wema wala uovu. Palipo na uhusiano kati ya uso na tabia, hutokana na mazoea: mwendo uliorudiwa mara nyingi hauondoki wote, huacha mkunjo.

Mjadala huu si wa kihistoria tu. Wazo kwamba kichwa husema thamani ya mtu halikuishia katika kumbi za wasomi wa karne ya 18. Katika karne iliyofuata lilichangia elimu ya uongo ya kupima vichwa na kupanga jamii za watu kwa madaraja, na gharama yake ililipwa pia Afrika Mashariki. Mwanaanthropolojia Felix von Luschan alikusanya mjini Berlin maelfu ya mafuvu ya watu kwa ajili ya vipimo vya aina hiyo, yakiwemo zaidi ya 1,000 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Tangu mwaka 2011 mafuvu hayo yako chini ya Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Taasisi hiyohiyo ndiyo inayosimamia Kupferstichkabinett, makumbusho ya michoro na chapa mjini Berlin, ambamo mchoro wa Dürer unaohakikiwa hapa umehifadhiwa.

Ukaribu huo haumtii hatiani Dürer, aliyeishi karne nyingi kabla. Hata hivyo, unamtaka mhakiki awe mwangalifu. Anayesema kwamba mfupa wa shavu la Barbara Dürer unaonesha uthabiti wake anatumia mantiki ileile iliyojaza makabati ya mafuvu. Kwa sababu hiyo, uhakiki huu unakubali hoja ya Lichtenberg na kuiongezea hatua moja: ikiwa mazoea huacha alama usoni, basi mazoea ya mkono huacha alama kwenye karatasi, na alama hizo za pili ndizo ambazo mtazamaji anaziona moja kwa moja.

3.0 Mkaa kama Nyenzo ya Kusema

Mkaa wa kuchorea ni kijiti cha mti laini kilichochomwa mahali pasipo na hewa ya kutosha, kikabaki kaboni bila kuwa jivu. Hauna gundi ndani yake. Chembe zake hukaa juu ya vinyweleo vya karatasi na kushikwa na mikwaruzo ya karatasi hiyo tu, hivyo kiganja kinaweza kuzifuta, na pumzi inaweza kuzipeperusha. Wachoraji wa zamani walizifuta kwa ndani laini ya mkate. Mchoro wa mkaa hudumu pale unaponyunyiziwa gundi nyepesi au kuhifadhiwa bila kuguswa.

Sifa hizi zina matokeo matatu katika uchoraji wa uso. Kwanza, mkaa una upana mkubwa wa weusi: kijiti kikilazwa na kukokotwa kwa ubavu hutoa kijivu chepesi, na kikisimamishwa na kukandamizwa hutoa weusi usiopenya mwanga. Pili, mkaa hauridhii udogo. Ncha yake huvunjika na kupanuka, kwa hiyo kope na vinyweleo haviwezi kuhesabiwa kimoja kimoja. Mchoraji hulazimika kuchagua. Tatu, mkaa hutunza kumbukumbu ya mkono. Mgandamizo, kasi na kusita huonekana. Kalamu ya wino nayo huonesha kasi, lakini haioneshi uzito wa mkono kwa kiwango hicho, na rangi ya mafuta huruhusu tabaka la juu kuficha la chini.

Inafuata kwamba mchoro wa mkaa una nyakati mbili ndani yake. Upo wakati wa mchorwa, aliyekaa na hali yake ya siku hiyo, na upo wakati wa mchoraji, ambao mkaa umeurekodi. Kosa la kawaida la uhakiki ni kuchanganya nyakati hizo, yaani kuona mistari ya haraka na kudai kwamba mchorwa alifadhaika. Suala hili litarejewa katika sehemu ya 6.0.

4.0 Barbara Dürer, 1514

4.1 Uso na mkaa

Mchoro huu una ukubwa wa takriban sentimita 42 kwa 30. Dürer aliuandikia tarehe kwa kutaja Jumapili ya Oculi, ambayo ni Jumapili ya tatu ya Kwaresima. Kwa mwaka 1514 siku hiyo iliangukia tarehe 19 Machi. Akaongeza kwamba huyu ni mama yake, mwenye umri wa miaka 63. Kichwa kimefunikwa kitambaa. Paji la uso lina mikunjo ya kupita, mashavu yamezama chini ya mifupa, midomo imebanwa, na shingo imechorwa kwa kano zake hadi kwenye mifupa ya mtulinga.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mgawanyo wa kazi ya mkaa. Kitambaa na vazi vimechorwa kwa mipigo mipana, michache na isiyorudiwa. Mkono haukujali kufuata mkunjo wowote hadi mwisho. Usoni mambo ni tofauti: mipigo ni mifupi, hufuata mzunguko wa nyama, na pembezoni mwa macho hupangwa upya juu ya ile iliyotangulia. Shingoni mkaa unashuka kwa mistari mirefu ya wima, kila mmoja ukifuata kano yake. Mchoraji ameharakisha kila mahali ambapo mama yake anafanana na wanawake wengine wa Nuremberg, kisha akapunguza mwendo kila mahali ambapo yeye hafanani na mwingine.

Hapa ndipo hulka inapoanza kujengwa. Mikunjo ya paji, kwa mujibu wa hoja ya Lichtenberg, ni alama za mazoea. Imetokana na nyusi kuinuliwa kwa miaka mingi. Dürer hakuichora kama uharibifu wa ngozi, kwani hakuivunja wala kuitia madoa. Ameichora kama mistari iliyonyooka na endelevu, inayokwenda sambamba, na kwa hiyo inasomeka kama tendo: paji hili limezoea kuinuka. Midomo nayo imepewa mstari mmoja mweusi usio na kivuli chini yake. Kinywa hicho kimezoea kufungwa. Kati ya paji linaloinuka na kinywa kinachofungwa kuna mtu ambaye huona na hasemi. Hiyo ni kauli kuhusu hulka, na imepatikana kwa mkaa, bila kuulizwa mfupa.

4.2 Tatizo la macho

Wahakiki wengi wa mchoro huu huvutwa na macho. Ni makubwa, yametokeza, na hayatazami upande mmoja. Ni rahisi kuyaita macho ya hofu, au macho ya mtu anayeona yasiyoonwa na wazima. Usomaji huo una kishawishi, kwa sababu Dürer aliandika katika kumbukumbu zake za familia kwamba mama yake aliogopa sana kifo ingawa hakuogopa kwenda mbele ya Mungu.

Hata hivyo, kutokulingana kwa macho kunaweza kuwa makengeza tu, jambo la kimaumbile. Watafiti kadhaa wameona dalili za namna hiyo pia katika picha ambazo Dürer alijichora mwenyewe, na wakapendekeza kwamba huenda alirithi. Ikiwa ni hivyo, jicho lililokwenda pembeni halisemi chochote kuhusu roho ya Barbara Dürer, sawa na kibiongo cha Lichtenberg kisivyosema chochote kuhusu roho yake. Mhakiki anayejenga huzuni juu ya jicho hilo amejenga juu ya mchanga.

Kinachoweza kutetewa ni kidogo zaidi na imara zaidi. Dürer aliona kwamba macho hayalingani, na hakuyalinganisha. Mchoraji aliyekwisha kuchora nyuso kwa miongo miwili alijua njia za kuficha: kugeuza kichwa kikamilifu upande, kuinamisha kope, kutupa kivuli. Hakutumia hata moja. Badala yake ameyaweka macho mahali penye weusi mkali kuliko pote usoni, na mtazamaji hawezi kuyakwepa. Macho hayo hayatoi ushahidi wa hofu ya mama. Yanatoa ushahidi wa uaminifu wa mwana, na uaminifu huo ndio unaomfanya mtazamaji aamini sehemu nyingine za uso.

4.3 Mkaa na wino

Barbara Dürer alifariki Mei 1514, takriban miezi miwili baada ya mchoro. Mwanawe alirudi kwenye karatasi ileile na kuongeza kwa wino kwamba amefariki, akitaja siku na saa. Maandishi ya kwanza ni ya mkaa, ya pili ni ya wino. Tofauti ya nyenzo imefanya kile ambacho maneno yenyewe hayakukusudia: sehemu inayoweza kufutika ni ile iliyomhusu mtu aliye hai, na sehemu isiyofutika ni ile ya kifo.

Kwa uhakiki, wino huo ni mtego na pia ni funzo. Ni mtego kwa sababu kila atazamaye leo humtazama mtu ambaye tayari amekwisha kufa kwenye karatasi, na huona kifo usoni. Tarehe 19 Machi kifo hicho hakikuwa kimefika. Mama alikuwa ameugua kwa muda mrefu, tangu mwaka uliotangulia, lakini mkono uliochora shingo ile ulichora shingo inayobeba kichwa. Kano zimekazwa, hazijalegea. Kichwa hakikuegemea mto wala kiti. Hali inayoonekana ni ya mtu anayejitahidi kukaa wima mbele ya mwanawe, na juhudi hiyo ni ya mtu aliye hai.

Ni funzo kwa sababu Dürer mwenyewe aliutambua mpaka huo. Katika kumbukumbu zake ameandika kwamba mama yake alizaa watoto 18, akavumilia maradhi, umaskini, dhihaka na hofu, na hakuwa mtu wa kulipiza kisasi. Kisha akasema kwamba katika kifo alionekana mwenye sura ya kupendeza kuliko alipokuwa hai. Mtu aliyeandika maneno hayo hakurudi kuulainisha mchoro. Aliongeza wino kando yake, uso akauacha kama ulivyokuwa. Sura ya kupendeza aliiweka katika maneno. Mkaa aliuachia mama aliyemjua.

5.0 Käthe Kollwitz, 1933

Käthe Kollwitz alizaliwa Königsberg mwaka 1867 na akafanya kazi Berlin kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Katika nyenzo mbalimbali alijichora zaidi ya mara 100. Mchoro wa mwaka 1933, uliohifadhiwa katika National Gallery of Art mjini Washington, unamwonesha kutoka ubavuni akiwa amekabili ubao wa kuchorea ulio upande wa kushoto wa mtazamaji. Karatasi imelazwa kwa upana. Kati ya kichwa, kilicho upande mmoja, na mkono ulioshika mkaa, ulio upande wa pili, kuna nafasi kubwa.

Nafasi hiyo ndiyo kiini cha mchoro. Mahali ambapo mtazamaji anatarajia kuona mkono wa nguo, wenye mkunjo wa kiwiko na kivuli chake, Kollwitz ameweka msukosuko wa mkaa unaokwenda juu na chini kwa pembe kali kutoka begani hadi kwenye kifundo. Kijiti kimetumika kwa ubavu na kwa mgandamizo mkubwa. Alama hizo hazifanani na nguo wala nyama. Kinachooneshwa ni tendo la kuchora, likiwa limeacha alama yake mahali palepale ambapo kiungo kinachochora kinapaswa kuwepo.

Uso uko katika lugha nyingine kabisa. Mkaa umewekwa taratibu, umepapaswa hadi ukawa kijivu laini kwenye shavu na chini ya jicho. Kope ni nzito. Kinywa kimetulia. Anayeukata mchoro huu vipande viwili kwa macho, kichwa kando na mkono kando, atapata hali mbili zisizopatana: mwanamke mtulivu, karibu mchovu, na nguvu inayokaribia ghadhabu. Kifua, ambacho kingeweza kuziunganisha, kimeachwa kwa mistari michache hivi kwamba karatasi ya kahawia inapita katikati yake.

Je, hulka iko wapi? Haiko usoni, kwani uso pekee ungetoa picha nzuri ya uzee uliotulia na kuishia hapo. Haiko katika mkono pekee, kwani msukosuko huo ukitengwa ni fujo. Iko katika ukweli kwamba vyote viwili ni vya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Huyu ni mtu ambaye utulivu wake haupunguzi kazi yake, na ambaye nguvu yake haivurugi uso wake. Mwishoni mwa msukosuko huo, kiganja kilichoshika mkaa kimechorwa kwa uangalifu uleule uliotumika usoni. Nguvu imeanzia begani bila umbo na imefika vidoleni ikiwa na umbo. Mtazamaji anaona nidhamu ikizaliwa ndani ya urefu wa mkono mmoja.

Wasifu unabisha hodi hapa pia. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914. Mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Sanaa cha Prussia, na Februari 1933, baada ya kutia saini wito wa kuviunganisha vyama vya mrengo wa kushoto dhidi ya Wanazi, alilazimishwa kujiuzulu. Ni rahisi kusema kwamba msukosuko wa mkono ni jibu kwa dhuluma hiyo. Lakini mchoro hauna bango, hauna adui, na mwaka mmoja una miezi 12. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba katika mwaka ambao dola ilimwondoa mahali pake pa kazi, Kollwitz alijichora akifanya kazi, na akaifanya kazi hiyo kuwa sehemu nyeusi kuliko zote kwenye karatasi. Hilo linatosha. Kuongeza zaidi ya hapo ni kumsemea.

6.0 Mjadala

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba uhakiki huu umeipa kasi ya mkaa maana isiyokuwa nayo, kwamba mipigo mipana ni desturi ya nyenzo, na kwamba kila mchoraji wa mkaa huharakisha mavazi na kutulia usoni.

Pingamizi hili lina nguvu, na kazi ya John Singer Sargent inalithibitisha kwa sehemu. Baada ya mwaka 1907 Sargent alijitenga kwa kiasi kikubwa na picha za uso za rangi ya mafuta, na badala yake akachora mamia ya nyuso kwa mkaa, kwa kawaida katika kikao kimoja cha saa chache. Picha yake ya mshairi W. B. Yeats ya mwaka 1908 ni mfano unaojulikana. Nywele zimepigwa kwa mikokoto mipana na ya haraka, na uso umetunzwa. Hakuna anayeiona ghadhabu katika mikokoto hiyo. Kinachoonekana ni wepesi, na pengine mvuto ambao mshairi alipenda kuonekana nao. Kwa hiyo ni kweli kwamba kasi pekee haina maana moja. Mstari wa haraka si kilio.

Hata hivyo, ulinganisho huo unaleta jambo la msingi. Kwa Sargent, kasi na utulivu vinapatana: nywele za haraka zinampamba mtu wa uso huo, na sehemu zote za karatasi zinasema jambo moja. Matokeo yake ni hali iliyonaswa vema, na mtazamaji anahisi kwamba amekutana na Yeats katika alasiri moja nzuri. Kwa Dürer na Kollwitz, sehemu za karatasi zinabishana. Paji linainuka huku kinywa kikifungwa, na macho yanakataa kulingana. Uso wa Kollwitz unatulia huku mkono ukiwaka. Mabishano hayo hayawezi kuwa ya alasiri moja, kwa sababu hali moja haipingani na nafsi yake. Mtazamaji analazimika kumfikiria mtu anayeweza kuzibeba hali zote mbili, na kufikiri huko ndiko kunakozaa hulka.

Hapa pana tofauti pia kati ya michoro miwili ya msingi. Dürer anamchora mwingine, na mabishano yake yako katika kile alichokiona. Mkono wake umejificha nyuma ya utii wa macho. Kollwitz ni mchoraji na mchorwa, na ameuingiza mkono wake ndani ya picha. Faida ya njia yake ni kwamba hakuna anayeweza kudai kuwa mchoraji alimwonea mchorwa. Hasara yake ni kwamba mwili unakaribia kutoweka na kuwa alama ya wazo. Mtazamaji anajua nini Kollwitz anafanya kuliko anavyojua jinsi anavyokaa, anavyopumua au anavyochoka. Barbara Dürer, asiyefanya chochote ila kukaa wima, ana mwili hadi kwenye kano ya mwisho. Kwa kigezo cha ukamilifu wa mtu, mchoro wa 1514 unauzidi ule wa 1933. Kwa kigezo cha kuonesha hulka kama tendo, wa 1933 hauna wa kulinganishwa naye.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba hali na hulka hazipatikani katika picha ya uso ya mkaa kwa njia moja. Hali hubebwa na kiwango cha weusi na uzito wa mkono katika sehemu fulani ya karatasi. Hulka hutokea pale sehemu hizo zinapotofautiana bila kuvunjika, hivi kwamba mtazamaji anamtafuta mtu mmoja nyuma ya alama zisizokubaliana. Imebainishwa pia kwamba habari za wasifu, kama vile wino wa Mei 1514 au matukio ya Februari 1933, zinaweza kumsaidia mhakiki kujua mahali pa kutazama. Haziwezi kutazama kwa niaba yake.

Kwa wahakiki wa Kiswahili wanaoanza kujenga istilahi za sanaa za kuchora, tofauti ya hali na hulka iliyomo tayari katika lugha inafaa kutunzwa, kwani inazuia kosa ambalo historia imeonesha ubaya wake. Asemaye kwamba ameiona hulka ya mtu katika umbo la kichwa chake amesema zaidi ya anachojua. Asemaye kwamba ameona mkono mmoja ukipunguza mwendo mbele ya uso mmoja, akaonesha mahali ulipopunguza, amesema jambo ambalo mwingine anaweza kulitazama na kulipima. Jumapili ile ya Machi 1514 mkono wa Dürer ulipunguza mwendo kwenye kano za shingo ya mama yake. Mkaa wa kano hizo bado upo kwenye karatasi, na kila hoja kuhusu Barbara Dürer inapaswa kurudi hapo.